Wimbo Uliokaa Kwenye Kaseti ya Gemu

Nilijua kuna jambo kabla Waya hajafungua mdomo, kwa sababu alikipangusa kiti mara mbili.

Siku zote alikipangusa mara moja, kwa kitambaa chake cha kufutia vioo vya redio, kisha akasema, "Karibu ukae, daktari." Alijua fika kwamba mimi si daktari wa chochote. Kazi yangu ni kuosha na kuchemsha vyombo vya daktari wa meno. Lakini aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, na mimi nilimwita Waya kama walivyomwita wateja wake wote, kwa ajili ya kipande cha waya alichozoea kukichomeka nyuma ya sikio kama karani na kalamu yake.

Siku hiyo alipangusa, akanitazama, akapangusa tena. Hakuniita daktari.

"Leo tumekuja wawili," nilisema. "Nimemleta Mama."

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Hakuwahi kuingia kwenye karakana ile. Alikuwa ameapa hataingia, maana masikio alikuwa nayo, na alishasikia watu wakisema mjane wa mwanawe ana mazoea na fundi. Lakini nilimbembeleza. Nilimwambia wimbo unamalizika leo, umebaki mkia tu, nitauweka mbele ya macho yake na yeye awe wa kwanza kuusikia mzima.

"Shikamoo, Mama," Waya alisema.

"Marahaba." Mama alikitazama kiti kama anayeogopa kitamuuma. "Ndicho cha kukalia hicho?"

"Ndicho, Mama. Kile kingine mguu wake mmoja mfupi. Nimekuwekea kizuri."

"Mimi nitakaa kile kibovu," nilisema. "Nimekizoea."

"Tumeshasikia kwamba umekizoea," Mama alisema, akaketi.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mwanawe, mume wangu. Alikuwa na mashine ndogo ya gemu ya mkononi, ya zamani, aliyokuwa nayo tangu utotoni. Plastiki yake ilishageuka rangi, ikawa kama jino la mvuta sigara. Hakuichezea gemu. Aliichomekea kaseti yenye programu ya kutungia muziki, akakaa ukingoni mwa kitanda, vidole gumba vikibofya, na ile mashine ikaimba kwa sauti yake nyembamba ya kitoto. Mimi nilikuwa nikimwambia apunguze, nimechoka. Akapunguza. Homa ilimchukua upesi. Alituachia wimbo mmoja ambao hakuumaliza. Ulianza chini, ukapanda, ukakaribia kusema neno, ukakatika. Baada ya hapo kioo kilionyesha mistari mitupu.

Kila Jumapili Mama alikuja kwangu kuusikiliza. Aliiweka mashine sikioni kama simu. Hakulia. Wimbo ulipokatika aliitikia, "Haya, baba," akanirudishia.

Niliipeleka kwa Waya kwa sababu kitufe kimoja kilikuwa kinanata. Nikamwuliza, nusu mzaha, kama mtu asiyejua muziki anaweza kujifunza kuumaliza wimbo wa mwenzake.

"Kujua muziki si lazima," alisema. "Cha lazima ni subira na vidole gumba."

"Vidole gumba ninavyo."

"Basi umefika nusu ya safari. Sikiliza. Mashine hii ina njia nne za sauti. Mbili zinaimba, moja inanguruma, na ya nne inapiga kelele tu."

"Kelele ya nini?"

"Kelele. Kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Lakini ukiikata mapema inageuka ngoma. Jaribu."

Nilijaribu. Ikatoka kama mtu anayepiga chafya.

"Ngoma ina mafua," Waya alisema. "Ikate mapema zaidi."

Nilicheka. Nilishtuka kujisikia, maana sikuwa nimecheka tangu mazishi. Waya aliona nimeshtuka, akainama kutafuta kitu chini ya meza mpaka nikamaliza kufuta macho. Hakukuwa na kitu chini ya meza. Nilikuja kuijua tabia yake hiyo baadaye.

Nikawa napitia kwake nikitoka kazini. Nilijifunza kuzisoma zile herufi zinazoshuka kwenye kioo mstari kwa mstari, kila herufi noti yake. Nilijifunza kwamba ngurumo ikizidi, sauti zinazoimba zinazama. Nilipokuwa nasikiliza, wateja wakiingia aliweka kidole mdomoni mwake wanyamaze, nao wakasubiri na redio zao mikononi kama watu waliokuja kumwona mgonjwa.

"Zima kwanza," ndiyo ilikuwa kauli yake. Kila nilipotaka kuchomoa kaseti, zima kwanza. Kila alipotaka kushika chuma chake cha moto cha kulehemu, mkono wake wa kushoto ulishakwenda kwenye swichi. Kazi moja tu ndiyo haikuzimiwa. Alinieleza siku aliyoifungua kaseti nione ndani. Kulikuwa na betri ndogo iliyolehemewa, bapa kama kifungo cha koti.

"Nyimbo zote zinalindwa na hii," alisema. "Ikitoka, zinafutika. Kwa hiyo ukitaka kuibadilisha, kaseti unaiacha ndani ya mashine na mashine inawaka, ili umeme wa mashine uzishikilie wakati betri haipo. Hapo ukizima, kwaheri."

"Basi tusiibadilishe."

"Itachoka yenyewe, daktari. Bora tuurekodi huu wimbo kabla."

Nilimpelekea Mama habari ya kurekodi. Akakataa katakata. "Sitaki mwanangu awe kwenye simu za watu, anakatizwa na kila anayepiga. Nikimtaka nitakuja kwako nimsikilize." Sikumshurutisha. Hata mimi, nikisema kweli, sikutaka.

Kisha Waya akaniomba. Hakunishika mkono wala hakuja na maneno ya kupambwa. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye redio ya mtu.

"Ningependa uwe unakuja hapa hata kama hakuna kilichoharibika," alisema bila kuniangalia. "Na jioni tufunge pamoja, tuelekee nyumba moja."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo na nilikuwa nayaogopa.

"Nikiumaliza wimbo nitakujibu," nilimwambia.

"Sawa," alisema, akaendelea kupuliza. "Naungoja."

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika. Mkia wa wimbo nilikuwa nao kichwani, nimeupiga kwa mluzi njia nzima kutoka kazini. Mashine nilimwachia siku chache nyuma asafishe vitufe. Aliiweka mezani kwa mikono miwili.

"Kabla hujaiwasha," alisema, "nina neno."

"Sema."

"Juzi niliiwasha ikaleta herufi zisizoeleweka. Nikaizima, nikaiwasha, ikarudi sawa. Betri ya kaseti ilikuwa inakata roho. Nikaona nikingoja mtaikuta imekufa. Nikaamua niibadilishe, mkija leo niwaambie, chukueni, sasa itakaa miaka."

"Ukaibadilisha?"

"Nikaibadilisha."

"Na wimbo?"

Alikitoa kipande cha waya nyuma ya sikio. Alikishika tu, kama hajui akiweke wapi.

"Nilizima," alisema.

Mama alitugeukia, mara huyu mara yule. "Alizima nini? Mbona mmekuwa kama mmepigwa?"

"Niliipanga kazi yote vizuri, Mama," Waya alisema. "Mashine inawaka, kaseti iko wazi, betri mpya iko pembeni. Ikabaki kushika chuma cha moto. Na mimi kabla ya kushika chuma cha moto huwa nazima. Maisha yangu yote nazima. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilisikia swichi imelia tik."

"Washa," Mama alisema.

"Mama..."

"Nimesema washa."

Akaiwasha. Ikalia kengele yake ndogo, kioo kikajaa mistari mitupu, vistari tu, vistari mpaka chini. Mama aliichukua, akaiweka sikioni.

"Haisemi," alisema.

"Haisemi, Mama," Waya alisema.

"Ongeza sauti."

"Mama, hakuna cha kuongeza."

Hakuiondoa. Aliishikilia pale sikioni muda ule ule ambao wimbo ungechukua. Nilijua, kwa sababu na mimi nilikuwa naupiga kichwani. Mahali ulipokuwa ukikatika, akaishusha mapajani.

"Wewe kijana," alimwambia Waya, "mwanangu kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, Mama."

"Si uliambiwa wimbo ukiisha utajibiwa? Huyu haniambii kila kitu, lakini hilo aliniambia. Ukaona safari ndefu. Ukaikatisha."

"Mama, Waya si mtu wa hivyo," nilisema.

"Wewe nyamaza, uliyezoea kiti."

Waya hakujitetea. Alikisuuza kikombe chake mwenyewe, akakisuuza tena, akakijaza maji, akampelekea. Mama alikisukuma. Waya akakiweka karibu na mkono wa Mama, akageukia upande mwingine kama anatafuta bisibisi, na alipokuwa amegeuka Mama akanywa, maana midomo yake ilikuwa imekauka mno. Nilimwona Waya akitafuta bisibisi ambayo ilikuwa mbele ya macho yake, mpaka kikombe kikawa kitupu.

"Daktari," alisema kisha, "wimbo unaujua. Umekaa nao miezi yote hii. Tuuandike upya. Tuanze sasa hivi."

Nilianza. Njia ya kwanza, mistari ya mwanzo, ilikuja bila shida. Vidole vilijua. Ngurumo ikakaa mahali pake. Hata Mama alisogeza kiti. Tukafika pale ambapo sauti mbili zilikuwa zinapishana, nikaweka noti, tukasikiliza.

"Si hivyo," Mama alisema. "Hapo alikuwa anachelewa."

Nikaishusha noti mstari mmoja.

"Sasa kachelewa mno."

"Labda tuipandishe, tuicheleweshe kidogo tu," Waya alisema. "Kuna namna."

Tukafanya hiyo namna. Mama akafumba macho. "Karibu. Hapana. Rudia ya mwanzo."

Nikarudia ya mwanzo. Sikujua tena ipi ilikuwa ya mume wangu. Miezi ile yote, nilipokuwa najifunza, nilikuwa narekebisha hapa na pale. Ngoma niliikaza. Noti moja niliipandisha kwa sababu ilinipendeza. Niliona kama nampangusia vumbi. Mpaka siku hiyo sikuwahi kuhesabu ni kiasi gani nilikuwa nimemwondoa mimi mwenyewe, kwa mapenzi, kidogo kidogo.

"Jaribu nyingine," Waya alisema.

"Acheni," Mama alisema.

"Mama, tuko karibu."

"Acheni, nawaomba. Nilipoingia hapa nilikuwa nao kichwani. Kila mnapojaribu unanitoka. Hata huo niliobaki nao mnanifutia."

Nikaondoa vidole. Mashine ikabaki inawaka mezani. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuizima.

Mama aliinuka, akajishikiza kwenye meza. "Nakungoja nje. Ongea naye. Lakini usikawie, miguu hii haipendi kusimama."

Waya akakinyanyua kile kiti kizuri, akampita, akakiweka nje penye kivuli na kukitikisa kuhakikisha hakiyumbi. Mama aliketi bila kumshukuru, akatupa mgongo.

Tukabaki wawili. Alikuwa na mikono mizuri, Waya, mipana, yenye makovu madogo ya moto, na siku zote ilikuwa na jambo la kufanya. Siku hiyo ilining'inia tu. Nilitamani kuishika. Nasema ukweli, hata wakati ule nilitamani kuishika.

"Nakuuliza kitu," nilisema. "Usinijibu kwa kunionea huruma."

"Uliza."

"Ulipoisikia ile tik. Kabla hujafikiri chochote. Ulihisi nini?"

Alinitazama. Uongo ulikuwa tayari, niliuona umefika midomoni, uongo mzuri ambao ningeuamini kwa sababu nilitaka kuuamini. Akaumeza.

"Nafuu," alisema.

Nje, Mama alikohoa.

"Ilikuwa punde tu," Waya akaendelea. "Kama mtu aliyetuliwa gunia. Nikasema moyoni, basi, amekwenda. Halafu nikawasha, nikaona vile vistari."

"Kwa hiyo ulikusudia."

"Sijui. Tangu juzi najiuliza, sijui. Mkono umezoea kuzima, hilo kweli. Lakini mkono huo huo ulijua kwamba hii ndiyo kazi tusiyozima. Nikikuambia sikukusudia nitakuwa nimejisafisha, na sina hakika kama mimi ni msafi."

"Ungeweza kunidanganya."

"Halafu nikae na wewe vipi? Nikuangalie mezani kila siku?"

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Safari hii hakuinama chini ya meza. Alisimama pale pale, akanitazama ninavyolia.

"Waya," nilisema, "na mimi."

"Na wewe nini?"

"Uliposema umezima. Kabla ya uchungu kufika. Nilihisi hivyo hivyo. Nikaiona Jumapili yangu haina kitu ndani yake, nikaifurahia."

Uso wake ulibadilika. Matumaini yaliingia humo taratibu, kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha, na lilikuwa jambo gumu kulitazama.

"Basi tuko sawa," alisema polepole. "Hakuna wa kumlaumu mwenzake. Tunaweza..."

"Ndiyo sababu hatuwezi."

"Kwa nini?"

"Ningekuwa na hasira tupu ningekusamehe. Hasira inaisha. Lakini nitakuangalia nitaiona ile nafuu, na wewe utaniangalia utaiona. Tutakuwa watu wawili waliomfurahia marehemu alivyofutika. Siwezi kuingia nyumba moja na hilo. Na yule mama aliyeko nje nimwite nani, nikishaingia?"

"Litapita."

"Labda."

"Basi nangoja."

"Usingoje, Waya. Safari hii sina kitu cha kukupa ungojee."

Akaichukua ile mashine, bado inawaka, akaizungushia kitambaa chake cha kufutia vioo, akaniwekea mikononi. Vidole vyetu viligusana, tukaviacha vigusane, vikaachana vyenyewe.

"Betri ni mpya," alisema. "Ukiandika kitu, kitakaa."

Nikatoka.

Mama aliinuka aliponiona. Hakuuliza mpaka tulipoingia barabarani, mkono wake umeshika kiwiko changu kama kawaida yake tukitembea.

"Kasema nini?"

"Kasema alipozima alihisi nafuu."

"Nilijua."

"Na mimi nilihisi, Mama. Na wewe nakwambia, kwa sababu yeye hakunificha."

Mkono wake ukaachia kiwiko.

Tulitembea hivyo, yeye upande wa huku, mimi upande wa kule, watu wakipita katikati yetu na mizigo yao. Sikumwomba radhi. Sikujua ningeiombaje. Nilisikia viatu vyake vikiburuta na nikajua goti linamuuma, maana hushindwa kuliinua akitembea haraka, na alikuwa anatembea haraka ili asiwe karibu yangu.

Mwisho wa mtaa kuna mtaro mpana wa maji machafu, na juu yake mtu ametupa ubao wa kuvukia. Mama alifika kwanza. Aliutazama ubao, akayatazama maji. Nikasimama nyuma yake, mbali kidogo, nikangoja avuke au arudi.

"Nilikuwa nachoka," alisema, bado amenipa mgongo. "Kuja kwako kila wiki. Kuna Jumapili nilikuwa naiombea mvua."

Nikasogea hatua moja.

"Haya, nipe mkono," alisema. "Nisije nikaanguka humu."

Nikampa. Tukavuka hatua kwa hatua, ubao ukipinda chini yetu. Ng'ambo hakuuachia mkono wangu, wala hakuniangalia, na mimi sikugeuka kutazama kama Waya bado amesimama mlangoni.